Uliza nani anaweza kumfukuza mkurugenzi: kwa wadogo zangu mnaokuja kusoma vyombo vya habari Polandi

Kila mwaka Septemba ikielekea ukingoni, vyuo vya Polandi vikijiandaa kufungua Oktoba, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wetu wanaokuja kusoma uandishi wa habari, mawasiliano au siasa. Wengi huanza na chumba na baridi. Hayo nayajibu upesi: chumba anza kutafuta mapema, koti usinunue nyumbani. Wenye hamu ya masomo huongeza swali la pili: "Dada, huko nani anamiliki vyombo vya habari?"

Mimi niliingia Warszawa na swali hilohilo mwaka 2019, likanila mwaka mzima. Ndiyo maana safari hii nimeona niandike kwa urefu, ili mtakaokuja msizunguke nilikozunguka.

Nilianza kwa kuchora jedwali. Safu ya kwanza jina la chombo, ya pili mmiliki, ya tatu nchi anayotoka. Polsat: Zygmunt Solorz, Mpolandi. TVN: Wamarekani. RMF FM: kampuni ya Bauer, Wajerumani. Gazeti la Fakt na tovuti ya Onet: Ringier Axel Springer, Waswisi na Wajerumani. Gazeta Wyborcza: kampuni ya Agora. Radio Maryja: watawa wa Kiredemptori wa Toruń, na sauti yake ni Padri Tadeusz Rydzyk. TVP na Polskie Radio: serikali. Nikapaka rangi vizuri, nikampelekea mwalimu wangu. Alilitazama kama dakika mbili, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa TVP, akaniuliza, "Serikali ni nani? Nitajie mtu anayeweza kumfukuza mkurugenzi wa televisheni hii kesho asubuhi."

Sikuwa na jibu. Nilirudi na lile jedwali kwenye tramu, na nilipofika nyumbani nikaanza upya na swali lake badala ya langu. Tangu siku hiyo ndilo ninalolitumia, na ndilo ninalowapa. Jina lililo juu ya jengo linakuambia kidogo sana. Aliye na uwezo wa kumwondoa bosi, kumnyima leseni au kumkatia matangazo ya biashara, huyo ndiye wa kumtafuta.

Anzeni na redio na televisheni za umma, maana hapo kila kitu kiko wazi kwenye sheria, na bado watu wanapotea. Kabla ya 1989 redio na televisheni zilikuwa chini ya kamati moja ya serikali ambayo watu waliiita Radiokomitet, na kilichosomwa jioni kilikuwa kimeshapita mikononi mwa chama. Ukomunisti ulipoanguka, Wapolandi walijua fika wasichokitaka tena. Sheria ya tarehe 29 Desemba 1992 ikaunda Baraza la Taifa la Redio na Televisheni, ambalo kila mtu hulitaja kwa herufi zake, KRRiT. Baadaye Katiba ya 1997 ikaliandika ndani yake: kifungu cha 213 kinalipa kazi ya kulinda uhuru wa kusema, haki ya kupata habari na maslahi ya umma katika utangazaji. Wajumbe wake hawaruhusiwi kuwa wanachama wa chama chochote cha siasa.

Ukiishia hapo utaandika insha nzuri na isiyo ya kweli. Endelea mpaka kwenye idadi ya viti. Siku hizi ni vitano: viwili huchaguliwa na Sejm, ambalo ni baraza la chini la bunge, kimoja na Seneti, viwili na Rais. Piga hesabu mwenyewe. Chama kikishika Sejm na ikulu kwa wakati mmoja, kina viti vinne kati ya vitano, na hakijavunja kifungu hata kimoja. Mjumbe anaweza kurudisha kadi ya chama asubuhi na kuapishwa mchana.

Wala msidhani tatizo limeanza juzi, kama wengi wanavyoandika. Baraza likiwa bado changa, mwanzoni mwa 1994, liliipa Polsat leseni ya kwanza ya televisheni binafsi ya nchi nzima. Rais Lech Wałęsa, yuleyule wa chama cha wafanyakazi cha Solidarność aliyeinyanyua nchi dhidi ya wakomunisti, hakupendezwa. Akamwondoa mwenyekiti wa Baraza, Marek Markiewicz. Mahakama ya Katiba ikasema baadaye kwamba rais hana mamlaka hayo, lakini Markiewicz hakurudi kwenye kiti. Mkisoma kisa hiki kwa makini mtaona sura ya karibu kila kitu kilichofuata kwa miaka thelathini: uamuzi unatolewa haraka, mahakama inazungumza kwa kuchelewa, na mtu ameshahamisha vitu vyake ofisini.

Sasa rukeni hadi mwisho wa 2015. Chama cha Sheria na Haki, PiS, kilikuwa kimeshinda uchaguzi Oktoba na tayari kilikuwa na rais. Siku za mwisho za Desemba bunge likapitisha kitu walichokiita "sheria ndogo ya vyombo vya habari". Ndogo kweli, kurasa chache tu. Ilichofanya ni kumpa Waziri wa Hazina uwezo wa kuteua na kuondoa bodi za TVP na Polskie Radio moja kwa moja, KRRiT ikiwa pembeni. Rais Andrzej Duda alitia saini tarehe 7 Januari 2016. Kesho yake Jacek Kurski, mwanasiasa wa siku nyingi wa PiS, akawa mkurugenzi mkuu wa TVP. Katikati ya mwaka likaundwa chombo kipya, Baraza la Vyombo vya Habari vya Taifa, ambalo sasa ndilo lingeteua na kufukuza. Angalieni neno lilivyobadilika, kwa sababu wanaojua Kipolandi huliona papo hapo na sisi wageni hutupita: vyombo vilivyokuwa "vya umma" vikaanza kuitwa "vya taifa". Desemba 2016 Mahakama ya Katiba ikasema kuiondoa KRRiT kwenye uteuzi ni kinyume cha katiba. Baraza jipya likaendelea na kazi yake.

Kwenye orodha ya uhuru wa habari ya Waandishi Wasio na Mipaka, Polandi ilikuwa ya 18 mwaka 2015. Mwaka 2022 ilikuwa ya 66. Namba hizo mtaziona kila mahali na mtazinukuu, sawa, ila mimi nilielewa zaidi jikoni.

Mama mwenye nyumba niliyopanga kwake alizaliwa Świdnik, mji wa kiwanda cha helikopta karibu na Lublin. Kwetu nchi hukaa kusikiliza habari saa mbili usiku. Kwa Wapolandi ni saa moja na nusu, saa ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya taarifa kuu ya TVP. Kila ikifika saa hiyo yeye alikuwa anainuka, anazima televisheni, anarudi kwenye chai yake ya ndimu ndani ya glasi. Nilidhani hapendi kelele. Jioni moja nikamuuliza, akanieleza habari za Februari 1982. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 13 Desemba 1981, watangazaji wa habari wakisoma wakiwa wamevaa sare za jeshi. Watu wa Świdnik wakaamua kitu kimoja: taarifa ya habari ikianza, wote wanatoka nje kutembea. Familia nzima, na watoto. Wengine waligeuza televisheni zao zikatazama barabarani kupitia dirishani, ili yule mwanajeshi awasomee watu wanaopita na mgongo wao umemgeukia. Wakuu walipoona hivyo wakafanya saa ya kutotoka nje ianze mapema zaidi. Watu wakahamia kwenye taarifa ya saa kumi na moja jioni, wakatembea. Mama huyu alikuwa msichana, anakumbuka kusukuma gari la mtoto wa dada yake kwenye theluji.

Baada ya hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini mtu mzima anazima televisheni yake mwenyewe mwaka 2019.

Mkianza kufuatilia taarifa za miaka ile, msisikilize maneno ya mtangazaji peke yake. Kuna kitu Wapolandi wanakiita "pasek", mkanda, yale maandishi yanayokaa chini ya kioo. Kwenye TVP ya Kurski mikanda hiyo ndiyo iliyobeba hukumu: mtangazaji anaeleza tukio kwa sauti ya kawaida, mkanda umeshasema nani mhaini na nani shujaa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nanakili sauti tu, na tafsiri zangu zilionekana laini kuliko kilichorushwa. Nilipoanza kuandika mkanda na sauti sambamba, ukurasa mmoja juu ya mwingine, ndipo kazi yangu ikawa na maana.

Kisha ikaja Desemba 2023, na hapa nawaomba mkae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi huchagua upande na kuacha kuuliza.

PiS ilipoteza wingi wa viti katika uchaguzi wa tarehe 15 Oktoba. Serikali ya Donald Tusk iliapishwa tarehe 13 Desemba. Kwa kuwa rais bado alikuwa Duda, hakuna sheria mpya ya utangazaji ambayo ingepita bila kura yake ya turufu. Na lile Baraza la Vyombo vya Habari vya Taifa, lenye muhula wa miaka sita, bado lilikuwa mikononi mwa watu wa PiS. Tarehe 19 Sejm likapitisha azimio, si sheria. Waziri wa Utamaduni, Bartłomiej Sienkiewicz, akisimama kama mwakilishi wa Hazina ambayo ndiyo mwenye hisa zote, akaondoa bodi za TVP, Polskie Radio na shirika la habari la PAP. Tarehe 20 asubuhi kituo cha TVP Info kikakatika hewani. Wabunge wa PiS wakaingia kwenye majengo na kukaa humo.

Jioni hiyo nilikuwa jikoni kwa mama. Saa moja na nusu ilipofika, badala ya taarifa ya Wiadomości iliyozoeleka akatokea mtangazaji Marek Czyż. Alisema leo hakuna taarifa. Akafananisha propaganda na supu, akaahidi kwamba kuanzia kesho watampa mtazamaji maji safi. Haikuchukua muda. Mama hakuinuka kuzima. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone anaiacha televisheni saa ile, na nakiri machozi yalinilenga.

Usiku uleule nikafungua kompyuta kuandikia redio moja ya nyumbani, na wiki ile nikafanya kosa ambalo sitaki mlirudie. Tarehe 23 Duda alizuia sheria inayoambatana na bajeti, iliyokuwa na zloti bilioni 3 za vyombo hivyo, na tarehe 27 Sienkiewicz akatangaza kuviweka chini ya ufilisi. Nikaandika kwamba TVP imefilisika. Wasikilizaji wakaelewa, kama ambavyo mtu yeyote wetu angeelewa, kwamba televisheni ya Polandi haina pesa na inafungwa. Haikuwa hivyo hata kidogo. TVP iliendelea kurusha matangazo, mishahara ilitoka, mpira ulionyeshwa. Katika sheria ya makampuni ya Polandi, kampuni ikiwekwa chini ya ufilisi, bodi inakoma na nafasi yake inachukuliwa na mfilisi, na mfilisi anaweza kuteuliwa na mwenye hisa. Mwenye hisa ni Hazina, na anayesimama kwa niaba ya Hazina ni waziri. Unaona sasa? Ufilisi ulikuwa mlango wa kufika kwenye kiti cha mkurugenzi bila kupita kwenye lile Baraza. Ningekuwa nimeshika swali la mwalimu wangu badala ya kukimbilia kamusi, ningeliona siku ileile. Tulilazimika kurekebisha hewani.

Je, ilikuwa halali? Taasisi ya Helsinki ya Haki za Binadamu ya Warszawa, ambayo kwa miaka minane ilikuwa ikiikosoa TVP ya PiS, ilisema wazi kwamba njia iliyotumika inatia mashaka makubwa kisheria. Januari 2024 Mahakama ya Katiba iliipinga hatua hiyo. Serikali ikajibu kwamba mahakama yenyewe imeundwa kinyume cha sheria, na katika hilo nayo ina hoja nzito. Kwa muda TVP ikawa na watu wawili, kila mmoja akisema ndiye mkuu halali. Mwenyekiti wa KRRiT wa wakati huo, Maciej Świrski, akakataa kuzipa kampuni hizo fedha za ada ya watazamaji, zile zloti 27.30 ambazo kaya yenye televisheni ilitakiwa kulipa kila mwezi wakati huo, akazipeleka mahakamani zihifadhiwe.

Mimi nina maoni yangu na sitayaficha. TVP iliyokuwapo ilikuwa imeumiza watu, na kuiacha iendelee kungekuwa kuwatelekeza walioiomba serikali mpya iwaondolee kero hiyo. Lakini mlango uliotumika uko wazi bado, na waziri yeyote ajaye ameshaonyeshwa ulipo. Ukiandika nusu ya kwanza tu ya sentensi hizi utapendwa na nusu ya darasa. Ukiandika ya pili tu, utapendwa na nusu nyingine. Andikeni zote mbili.

Umoja wa Ulaya umejaribu kuufunga mlango huo. Sheria yake ya uhuru wa vyombo vya habari, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 8 Agosti 2025, inataka wakuu wa vyombo vya umma wateuliwe kwa utaratibu wa wazi na wasiondolewe kabla ya muda wao ila kwa sababu za pekee. Itumieni kama kipimo katika kazi zenu, itawasaidia.

Kwenye vyombo binafsi kishikio ni kingine. Hapo cha kuangalia kwanza ni leseni. TVN24, kituo cha habari kilichoanza 2001, kilikuwa na leseni ya miaka kumi inayokwisha tarehe 26 Septemba 2021. Kiliomba upya Februari 2020. KRRiT ikakaa na ombi hilo miezi kumi na tisa, ikatoa leseni tarehe 22 Septemba, siku nne kabla. Miezi yote hiyo hakuna aliyekifungia kituo, hakuna aliyekamatwa, lakini jaribu kuwa mhariri unayeamua kila asubuhi habari ipi iende kwanza huku ukijua faili lako liko mezani kwa mtu. Kituo kilijitafutia leseni ya Uholanzi kama akiba.

Majira hayohayo Sejm lilikuwa linashughulikia muswada ambao watu waliubatiza Lex TVN. Kwenye karatasi ulizungumzia umiliki kwa ujumla: mtu wa nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya asiwe na zaidi ya asilimia 49 ya kituo. Kikomo hicho kilikuwapo tangu zamani, na wamiliki wa Kimarekani walikuwa wakikitimiza kwa kupitia kampuni iliyosajiliwa Uholanzi. Muswada ulikuja kuziba njia hiyo ya Uholanzi, na kituo kikubwa kilichokuwa kimesimama juu yake ni kimoja tu. Sejm likaupitisha Agosti 2021, Seneti ikaukataa, Sejm likaupitisha tena Desemba, watu wakajaa barabarani, na tarehe 27 Desemba Duda akaupigia kura ya turufu. Nawaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo safu yangu ya tatu, ile ya nchi, ilipovunjika. Wakati ule neno lililovuma lilikuwa "repolonizacja", kuvirudisha vyombo kwa Wapolandi. Ukilisikia, usianze kujadili kama mgeni kumiliki televisheni ni vizuri au vibaya. Mjadala huo ni halali na hata kwetu upo. Uliza kwanza muswada unakigusa kituo gani, na kituo hicho kimemkera nani.

Kwa hilo someni kisa cha Rywin chote, msiridhike na muhtasari. Julai 2002 mtayarishaji filamu Lew Rywin alimwendea Adam Michnik, mhariri mkuu wa Gazeta Wyborcza, akamwambia kwamba kwa dola milioni 17.5 sheria mpya ya utangazaji itarekebishwa ili Agora iweze kununua Polsat. Michnik alirekodi mazungumzo. Gazeti lilichapisha Desemba, na bunge likaunda tume ya uchunguzi ambayo vikao vyake nchi nzima ilivitazama kwenye televisheni. Rywin alihukumiwa kifungo mwaka 2004. Kinachonivutia mimi si ile rekodi. Ni maneno mawili, "lub czasopisma", maana yake "au majarida", yaliyotoweka kwenye muswada njiani. Yakiwapo, mwenye majarida kama mwenye gazeti la kila siku hawezi kununua televisheni ya nchi nzima. Yasipokuwapo, mwenye majarida anaweza. Maneno mawili, na soko lote linabadilika. Tangu nilipokisoma kisa hicho sijawahi kusoma sheria ya utangazaji bila kuweka matoleo mawili mezani na kupitisha kidole mstari kwa mstari.

Kishikio cha tatu ni hisa ndogo. Desemba 2020 kampuni ya mafuta ya Orlen ilitangaza kununua Polska Press kutoka kwa Wajerumani wa Passau: magazeti 20 ya mikoa kati ya 24 yaliyokuwapo nchini, majarida ya kila wiki kama 120, na tovuti karibu 500. Ni magazeti ambayo bibi wa Gdańsk au Poznań anasoma matangazo ya misiba na habari za barabara yake. Mwaka uleule Orlen ilikuwa imeshachukua Ruch, kampuni ya vibanda vinavyouza magazeti. Sasa, hisa za serikali katika Orlen wakati ule zilikuwa asilimia 27.5 tu. Mwanafunzi wa uchumi atakwambia hiyo si kampuni ya serikali. Lakini uliza nani aliweka uongozi wa Orlen na utapata jibu jingine. Msimamizi wa haki za raia, Adam Bodnar, alikwenda mahakamani, na mahakama ikasimamisha ununuzi kwa muda. Wakati huohuo wahariri wakuu wa magazeti yale walianza kuondolewa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2022 pingamizi likatupwa. Na mwaka 2024, Orlen ilipopata uongozi mpya baada ya serikali kubadilika, uongozi wa Polska Press nao ukabadilishwa. Magazeti ya mikoa yalibaki mikononi mwa kampuni ya mafuta.

Matangazo ya biashara nitayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa mtayafahamu bila kufundishwa. Nani kati yetu hajaona gazeti la nyumbani linavyonyamaza tangazo la shirika la umma likikatwa? Miaka ya PiS fedha za matangazo ya makampuni ya serikali zilihamia kwenye majarida yaliyo karibu na chama. Serikali ilipopendekeza kodi juu ya mapato ya matangazo, tarehe 10 Februari 2021 vituo na tovuti binafsi vilizima kila kitu kwa siku nzima. Ukifungua, kioo cheusi na maandishi. Kodi haikupitishwa.

Nawaongezea kisa cha Trójka, idhaa ya tatu ya Polskie Radio, kwa sababu kinaonyesha upande ambao jedwali haliwezi kuushika: msikilizaji. Chati yake ya nyimbo ilikuwa hewani tangu 1982, na kwa wengi ilikuwa kama ibada ya Ijumaa jioni. Mei 2020 wasikilizaji waliupigia kura ya kwanza wimbo uliomlaumu kiongozi wa PiS kwa kwenda makaburini wakati wananchi walikuwa wamezuiwa kwenda kwenye makaburi ya jamaa zao kwa sababu ya korona. Uongozi ukafuta matokeo na kusema yamechezewa. Marek Niedźwiecki, sauti ya chati hiyo tangu mwanzo, akaondoka, na wengine wengi wakamfuata. Hawakubaki kulalamika. Julai ile ikazaliwa Radio Nowy Świat, na Januari 2021 Radio 357, zote za intaneti, zote zinalipwa na wasikilizaji wenyewe kwa michango ya kila mwezi. Ninachangia moja tangu mwaka huo. Hakuna waziri anayeweza kumfukuza mkurugenzi wake, na kila nikiona makato yale kwenye akaunti nafurahi.

Basi mkifika, fanyeni hivi. Fungueni rejista ya mahakama ya makampuni, KRS. Iko kwenye intaneti, bure, na mtu yeyote anaweza kutoa dondoo ya kampuni. Tafuta kituo ulichokichagua, shuka hadi kwenye bodi na baraza la usimamizi, kisha kwa kila jina uliza limewekwa na nani. Inachosha. Itakuchukua wiki kwa kampuni moja yenye kampuni mama tatu, na bado ni kazi yenye faida kuliko makala ishirini za maoni.

Lugha jifunzeni mapema, na msijifungie wenyewe kwa wenyewe. Chuo Kikuu cha Warszawa kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wana kiu ya mtu wa kuongea naye. Mimi nilibadilishana na binti mmoja wa huko, saa moja Kiswahili, saa moja mikanda ya TVP. Siku moja nilimwambia kwamba PAP, shirika lilelile lililowekwa chini ya mfilisi, lilikuwa na mwandishi wake Dar es Salaam tangu 1962, Ryszard Kapuściński. Yeye alilijua jina tangu shule ya msingi, lakini Dar ilikuwa mpya kwake, na urafiki wetu ulianzia hapo.

Na kila jioni kaeni mbele ya televisheni. Wydarzenia ya Polsat huanza saa moja kasoro dakika kumi, Fakty ya TVN saa moja kamili, ile ya TVP, ambayo sasa inaitwa 19.30, saa moja na nusu. Siku nyingine ongezeni TV Republika, ambako walihamia wengi walioondoka TVP mwaka 2023. Msiiruke kwa kuwa haiwapendezi walimu wenu. Daftari liwe na safu tano: habari iliyotangulia, dakika ilizopewa, nani alihojiwa, mkanda ulisemaje, na habari gani ya vituo vingine haikuonekana kabisa. Fanyeni siku kumi na nne mfululizo bila kutoa maoni yoyote. Mkimaliza, nitumieni daftari kabla ya insha, tulisome pamoja.